Siku Nilipompa Babu Neno Lisilo Lake

Sitaki mtu anipe pole. Nasimulia mkasa huu kwa sababu nimechoka kuusikia ukisimuliwa vibaya na watu ambao hata hawakuwepo, maana juzi tu nimepita karibu na soko nikamsikia dereva mmoja wa moto, yaani pikipiki, akimweleza abiria wake kwamba mimi nilipiga magoti mbele ya watu na kulia, jambo ambalo ni uongo mtupu (sikupiga magoti, niliinama kuokota karatasi), basi afadhali aibu yangu niitoe mwenyewe, kwa mdomo wangu mwenyewe, na anayetaka kucheka acheke mara moja amalize. Naitwa Kalenga. Nafundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari hapa Kalemie, na siku hizi mjini hakuna anayeniita Kalenga, wala Profeseri. Wananiita Papa Choki. Hata yule mama anayeniuzia ndakala, ambaye nimemfundishia watoto wawili mpaka wakapata diploma, ananifungia samaki kwenye karatasi huku ameuma midomo asicheke, na mimi nachukua samaki wangu na kuondoka nikiwa nimevimba kwa hasira.

Mambo yalianza hivi. Kila Jumamosi alasiri pale shuleni tuna klabu ya Kiingereza, wanakuja vijana wanaotafuta kazi ya ukalimani, wanakuja wafanyabiashara wanaovuka ziwa kwenda Kigoma, na wazee wawili watatu ambao sijui wanafuata nini, nadhani wanapenda tu kukaa mahali penye viti. Utaratibu wetu ni kwamba mtu mmoja anatoa konferansi, yaani mhadhara mfupi, mwingine anashika saa, halafu yanakuja maswali. Zamu yangu ilipofika nikajisemea, sitaki mambo makubwa, nitachukua neno moja dogo ambalo kila mtu analo mdomoni, hata bibi ambaye hajui Kiingereza kingine chochote, nalo ni oke. Nikaandika afishi ya kubandika mlangoni kwa mkono wangu, herufi nyekundu: NENO OKE, ASILI YAKE NA MAANA ZAKE. Kumbukeni hilo neno asili, mimi mwenyewe ndiye niliyeliandika.

Sehemu ya maana niliifanya vizuri, na hilo nitalisema hata mkinichukia. Niliwasimamisha wanaklabu wawili wawili, nikawaonyesha jinsi dereva wa moto anavyosema oke akimaanisha panda twende, jinsi mama wa vitenge anavyosema oke baada ya kubishana na wewe robo saa, akimaanisha chukua basi uniondokee, jinsi mkubwa wa biro anavyosema oke mezani kwake ofisini bila kuinua macho, na wewe unajua hapo faili lako limekwisha, halitapita. Nikaigiza oke ya mke wangu, ile fupi, ya chini, ambayo ukiisikia unaanza kukumbuka umekosea wapi. Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Nikawaeleza kwamba mtu anaweza kulitumia kuuliza, kujibu, kufunga mazungumzo, kusema mgonjwa amepata nafuu, kusema chakula si kibaya lakini si kizuri pia. Walinipigia makofi mara tatu. Nilikuwa nimevaa shati jeupe na tai, nikajiona mtu.

Tatizo lilikuwa sehemu ya pili, ya asili, kwa sababu sikuwa nimeisoma. Jirani yangu ana kamusi nene ya Kiingereza, ya zile zinazoeleza kila neno limetoka wapi, na tulikuwa tumekubaliana nipite kwake Ijumaa jioni. Ijumaa jioni kulikuwa na mechi ya mitaa miwili, mtaa wetu ukiwa mmojawapo, nikaenda kwenye mechi. Nilijiambia asili ni jambo la dakika mbili, hakuna atakayeuliza. Ndiyo uamuzi wenyewe huo, mdogo kama mnavyouona, na juu yake mtaa wetu ukafungwa.

Basi namaliza, nakunja karatasi zangu, na mzee mmoja mfanyabiashara aliyekaa mstari wa mbele (hajawahi kuuliza swali tangu klabu ianze, naomba mjue hilo) akainua mkono.

"Profeseri, umetufasiria muzuri sana. Lakini kwa afishi uliandika asili. Hii neno, njo ilitoka wapi?"

Kulikuwa na jibu zuri, fupi, la mtu mwenye akili: sijui, nitatafuta, nitawaletea Jumamosi ijayo. Hakuna aliyekufa kwa kusema hivyo. Lakini nilikuwa bado na joto la makofi, na katika mstari wa tatu alikuwa amekaa Mama Zaina, mwalimu wa historia wa shule nyingine, mwanamke anayesoma vitabu vizima mpaka ukurasa wa mwisho, na sikutaka anione nimekwama. Nikafungua mdomo, nikasikia mdomo unasema: "Hilo babu yangu alinisimulia."

Msiotoka kwetu niwaeleze kidogo. Huku ukishasema babu alinisimulia, mjadala umekwisha. Hakuna atakayekuuliza ushahidi, kwa sababu kumkanusha marehemu mbele ya mjukuu wake ni kumtukana, na mtu akithubutu, wazee watamwambia alete kuku aombe msamaha. Wenye haki ya kusema "hapana, yule mzee hakusema hivyo" ni watoto aliowazaa yeye mwenyewe, basi. Mimi sikulipanga hilo kichwani, sitaki mnidhanie ujanja nisiokuwa nao, lakini ulimi wangu ulikulia hapa na ulijua pa kujificha.

Nikatunga. Nikasema babu yangu mzaa baba, Kyungu, alikuwa mkaguzi wa vagoni za treni hapa lagare, yaani stesheni, wakati wa Wabelgiji. Kila vagoni ikifika salama, alichora kwa choki duara, maana yake magurudumu ni mazima, na pembeni ya duara akaweka herufi ya kwanza ya jina lake, K. Alama ileile akaitia kwenye masanduku ya mizigo. Masanduku yakavuka ziwa, Waingereza waliokuwa wanatawala upande wa Kigoma wakaona duara na K, wakauliza maana yake nini, wakaambiwa maana yake hakuna shida, mzigo uko salama, wakalipenda, wakaondoka nalo. "Kwa hiyo," nikamalizia, nimeinua kidole juu, "ulimwengu mzima unaposema oke, unaweka saini ya mtu wa Kalemie!"

Jamani. Watu walisimama. Mzee wa swali alikuja kunishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilimwona Mama Zaina amefungua mdomo, akatazama kulia na kushoto, akaufunga, akachukua mkoba wake akatoka. Nikajua amejua. Badala ya kuogopa nikafurahi kwamba hakuweza kusema kitu, na leo nikikumbuka ile furaha natamani kujizaba kibao.

Sasa kwenye ukumbi alikuwepo Didi, mtangazaji wa redio moja ya hapa, niliyemfundisha mwenyewe (alikuwa mvivu, nilimwonea huruma nikampa alama za kupita, na hayo ndiyo malipo yake). Jumatatu akanipigia simu niende studio. Ningeweza kukataa. Nikavaa tai ileile nikaenda, na kule mbele ya mikro nikaongeza mambo ambayo hata Jumamosi sikuyasema, kwamba choki ilikuwa nyeupe siku za kawaida na ya bluu siku za sikukuu, kwamba Mbelgiji mkubwa wa lagare alimvulia babu kofia. Didi akawa anarudia kipindi asubuhi na mchana, kila siku, na kichwa chake cha habari: "Oke ilizaliwa Kalemie!" Madereva wa moto wakaanza kuandika kwa rangi nyuma ya moto zao, duara na K. Mjini nilikuwa napita kama mbunge.

Yote hayo yangeisha yenyewe, watu wangesahau wakapata jambo jingine. Lakini redio ilisikika pia nyumbani kwangu, na nyumbani kwangu anaishi baba yangu.

Baba yangu, Papa Ilunga, alifanya kazi ya reli maisha yake yote, kati ya hapa na Nyunzu, kazi ya kukaza boliti na kubadilisha vipande vya mbao chini ya chuma, jua na mvua. Shule alikaa miaka miwili, hata jina lake anaandika kwa shida. Tangu mama yetu afariki anaishi kwangu, anakaa kwenye kiti chake mlangoni kuanzia asubuhi, anasalimia wapita njia, na sikumbuki mtu kumwuliza swali lolote isipokuwa kama amekula. Mimi pia sikumwuliza. Jumatatu ile nimerudi kutoka studio nikamkuta hajakaa, amesimama, ameshika redio ndogo mkononi.

"Kalenga. Baba Kyungu alikuwa anajua kuandika?"

Nilikuwa peke yangu na baba yangu, hapakuwa na ukumbi wala makofi, na bado nikasema, "Ndiyo, Papa."

"Alikuambia weye?"

"Aliniambia nilipokuwa mdogo."

"Miye hakuniambia." Akakaa. "Miye nilijua anatia kidole. Karatasi yote anatia kidole. Nilikuwa naona haya, batoto ya wengine baba zao wanasaini, wetu anatia kidole. Kumbe alikuwa anajua. Alinificha ju ya nini?"

"Labda hakutaka kujisifu, Papa."

"Njo vile," akasema, na akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu kabla ya msiba wa mama. "Njo vile, Baba hakukuwa muntu wa kujisifu. Alianza na herufi gani?"

"O, Papa. Halafu K."

Kuanzia siku ile mzee akawa na kazi. Nyuma ya jiko, kwenye ukuta, alichukua kipande cha mkaa akawa anajifunza kuchora O na K, O pana kama sufuria, K yenye mguu mmoja unaoanguka, anafuta kwa kitambaa, anaanza upya. Mke wangu aliniambia, "Baba Shukuru, Papa amepata nguvu, ju ya nini hukumwambia hii habari zamani?" Nilikwenda kazini nikawa mkali kwa wanafunzi bila sababu, nikamfukuza mmoja darasani kwa kupiga chafya.

Siku chache baadaye Mama Zaina akaja nyumbani, peke yake, ameshika kurasa nne alizochapisha. Nilimpokea barazani, baba akiwa nyuma ya jiko na mkaa wake.

"Profeseri," akasema kwa sauti ya chini, "nimekuja miye moja, sikutaka kukupatisha haya mbele ya bantu. Soma hizi. Hii neno ilikuwa kwa magazeti ya Amerika zamani, hata reli yetu haijafikiriwa. Uko na wakati wa kusahihisha mwenyewe."

Ningemshukuru. Mwanamke alikuwa amenibebea ngazi mpaka kwenye shimo langu. Mimi nikasimama nikapandisha sauti, kusudi jirani wasikie: "Mama Zaina, unataka kusema babu yangu ni mwongo?"

Akaziweka kurasa juu ya kiti cha baba yangu, taratibu.

"Babu yako simujui," akasema. "Weye njo nakujua." Akaenda zake, na mimi nikazikunja zile kurasa nikazitia chini ya godoro bila kuzisoma, nimekasirika naye, nikimwita mwenye wivu, mwenye kiburi, yote niliyoweza.

Wakati huo prefe wetu, yaani mkuu wa shule, alikuwa ameshaunda komite. Ukuta wa shule unaotazama njia ya reli upakwe chokaa, na juu yake ichorwe O na K kubwa, ionekane na abiria wa treni, na mtoto wa marehemu, yaani Papa Ilunga, aandike kwanza kwa choki, ndipo mchoraji apite na rangi juu ya maandishi yake. Nilimwambia prefe tungoje kidogo. Akasema barua za mwaliko zimetoka, wakubwa wa komini, yaani wa serikali ya hapa mjini, watakuja, na Didi ataleta mikro, itasikika moja kwa moja. Nikasema sawa, eti sawa, badala ya kusema ukweli mbele ya mtu mmoja tu kwenye biro iliyofungwa mlango. Baba naye, kwa furaha yake, akampigia simu dada yake mkubwa kule Nyunzu, Shangazi Ngoie. Hakumweleza jambo lenyewe vizuri, simu ilikuwa inakatika, alimwambia tu: "Yaya, kuja, banamuheshimia Baba." Mimi nikajiambia treni ya Nyunzu inakuja ikijisikia, hatafika.

Jumamosi ya sherehe ikafika. Baba alivaa suti yake ya kahawia, ile ya ndoa yangu, akanyoa ndevu, akakataa chai kwa sababu ya wasiwasi. Tulipoingia uwanja wa shule, akina mama wa mtaa wakafanya kile wanachomfanyia askofu au gavana: wakafungua vitenge vyao kiunoni, wakavitandika chini kimoja baada ya kingine kutoka getini mpaka ukutani, ili asikanyage changarawe. Wengine wakampepea kwa leso. Mzee akasita, akataka kuvua viatu, wakamkatalia, "Hapana, Papa, pita nabyo!" Akapita. Nilikuwa nyuma yake, na hapo, naapa, niliomba mvua, niliomba tetemeko, niliomba ugonjwa.

Akapewa choki. Akachora O yake, polepole, ikafunga vizuri kuliko zote alizochora jikoni, halafu K, mguu haukuanguka. Vigelegele! Didi akawa anapiga kelele kwenye mikro. Baba akageuka kunitafuta kwa macho, na machozi yanashuka, na akanionyesha ile choki kama vile anasema, umeona?

Ndipo moto ikasimama getini, akashuka mwanamke mrefu, mzee, amechoka kwa safari, kikapu cha kuku watatu mkononi. Shangazi Ngoie. Hakupita juu ya vitenge, alipita pembeni, akaenda mpaka kwa ndugu yake.

"Ilunga, banafanya nini hapa?"

"Yaya, njo ile nilikuambia. Baba alikuwa anaandika hii kwa vagoni. Dunia yote inasema neno yake."

"Baba nani?"

"Baba yetu. Kyungu."

Shangazi akatazama ukuta. Akatazama wakubwa kwenye viti. Akaweka kikapu chini.

"Kyungu hakuandika kitu," akasema, si kwa kelele, lakini mikro ya Didi ilikuwa hapo hapo. "Miye njo nilikuwa namusomea barua, miye mutoto wake wa kwanza. Miye njo nilikuwa nakamata kidole yake, natia kwa wino, nafinya kwa karatasi. Baba alikuwa anapasua mawe. Mawe yenye iko chini ya reli, kutoka Nyunzu kukuja huku. Nani alisema aliandika?"

Prefe alitaka kuingilia kati, mkubwa mmoja wa komini akamzuia kwa mkono, kwa sababu huyu ni mtoto wa marehemu, na mtoto wa marehemu haingiliwi. Baba akasema, "Kalenga alisema. Baba alimwambia yeye." Alisema kwa kunitetea, jamani, alikuwa bado ananitetea.

"Kalenga, kuja hapa."

Nikaenda. Karatasi ya hotuba yangu ikanianguka, nikainama kuiokota, na hiyo ndiyo hadithi ya kupiga magoti. Nilipoinuka, Didi alikuwa ameniwekea mikro mdomoni kabisa.

"Baba alikuambia lini?" shangazi akauliza. "Alikuambia wapi? Nani alikuwapo?"

Nilimtazama machoni nikaona hapa hakuna njia, huyu simwambii babu alinisimulia, babu huyo ni baba yake. Nikasema, "Hakuniambia. Nilitunga."

Moja kwa moja redioni. Kalemie nzima.

Halafu mtu mmoja nyuma akaita "Papa Choki!" na uwanja wote ukapasuka. Walicheka wakubwa, walicheka wanafunzi wangu, Didi alicheka mpaka mikro ikapiga mluzi, yeye aliyeitangaza habari ile asubuhi na mchana bila kumwuliza mtu hata mmoja! Prefe akatangaza pale pale kwamba klabu imefungwa, yeye aliyekataa tungoje. Mzee yule wa swali la kwanza akanipita akisonya. Na wale akina mama, hili ndilo nashindwa kulimeza, wakaanza kuokota vitenge vyao, haraka haraka, wanavikung'uta vumbi la viatu vya baba yangu kana kwamba yeye ndiye aliyewadanganya.

Baba hakucheka wala hakupiga kelele. Alikuwa bado amesimama ukutani na choki yake. Akanikaribia akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia, "Basi alikuwa anajua ao hakujua?"

"Hakujua, Papa."

Akatikisa kichwa. Akaiweka choki juu ya meza ya wakubwa, akageuka kutoka. Vitenge havikuwepo tena, akapita kwenye changarawe, peke yake, polepole kwa sababu ya goti lake bovu. Nikamkimbilia nikanyoosha mkono nimshike. Akamgeukia dada yake aliyekuwa anatufuata, akapokea kikapu cha kuku, akakibeba kwa mkono ule ule ambao ningeushika.

Jumapili nikazitoa kurasa za Mama Zaina chini ya godoro. Mnajua oke ilitoka wapi? Ilitoka kwenye utani. Waandishi wa magazeti huko Amerika, karibu miaka mia mbili iliyopita, walikuwa na mchezo wa kuandika maneno vibaya makusudi, kama 'oll korrect' badala ya 'all correct', yaani sahihi kabisa, halafu kuyafupisha kwa herufi za mwanzo, na mafupisho yao mengine yote yakafa, hili moja likabaki, kwa sababu wanasiasa walilichukua kwenye kampeni zao za uchaguzi, baadaye watu wa telegrafu wakaliona ni fupi na linafaa. Wengine wanadai ni neno la Wahindi Wekundu, wengine wanalipeleka Afrika Magharibi, kila mtu analivutia kwao, kama mimi. Dakika kumi za kusoma. Ningewaeleza Jumamosi ile wangefurahi vilevile. Nikakaa kitandani nikalia kwa hasira (hapo ndipo nililia, si uwanjani, mwambieni yule dereva).

Lakini kinachoniuma si hilo neno, liende zake. Kinachoniuma ni yale mawe. Babu yangu alipasua mawe yaliyoshikilia reli, na baba yangu akaja akakaza chuma juu ya mawe ya baba yake, na hiyo ni habari ya kweli, ilikuwa imekaa mlangoni kwangu kwenye kiti kila siku, na mimi mwenye diploma na tai sikuwahi kuiuliza. Nilimpa mzee wangu baba mwingine, msomi, kwa wiki mbili, halafu nikamnyang'anya mbele ya watu. Nimekasirikiwa na mji mzima kwa kuudanganya mji, na mji siujali. Najikasirikia mimi mwenyewe, tena kila asubuhi nikiona kile kiti.

Maana hakikaliwi. Jumatatu baba alichukua ndoo ya maji na sabuni akasugua ukuta wa jikoni mpaka plasta ikaanza kutoka, mke wangu akamwomba aache, hakuacha. Jumanne akapanda treni na shangazi. Alimwambia mke wangu anakwenda kumwuliza dada yake habari za baba yao, zote, tangu mwanzo, kwa sababu sasa hajui tena ipi aliishi nayo na ipi alipewa. Mimi aliniaga kwa kunishika mkono, kama mgeni.

Nimeapa sitamtia marehemu yeyote maneno mdomoni, wala wangu wala wa jirani, na mwanafunzi akiniuliza jambo nisilolijua namwambia sijui, namwambia mbele ya darasa zima, wacheke. Nimenunua mbuzi wa kwenda kuombea msamaha Nyunzu. Wiki jana nikampigia shangazi kuomba ruhusa ya kufika, nikaanza kujieleza, nikaeleza weee, mechi, afishi, makofi, kila kitu, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Halafu akasema:

"Kuja, mwanangu. Kuja na mbuzi. Lakini mudomo uache Kalemie."